Nyayo Kwenye Majivu ya Mama Mkwe

Mjukuu wangu mmoja anaishi nchi ya baridi, huko ambako, kwa maelezo yake, mtu akitaka kutoka nje asubuhi lazima kwanza ajichimbie njia kwa koleo. Juzi alinitumia picha kwenye simu. Theluji imetanda hadi ukutani, na juu yake kuna alama ndogondogo zilizokuja mpaka dirishani kwake, zikazunguka nyumba, zikatokomea. Chini ameandika: "Shikamoo bibi. Huyu ni mnyama gani? Majirani wote wameshindwa."

Nilicheka peke yangu sebuleni. Mtu amesomeshwa mpaka kaota mvi kabla ya wakati, halafu anavuka bahari kwa simu kumuuliza bibi aliyezaliwa Bungu milimani habari za wanyama wa Ulaya. Nikamjibu kwamba simjui, afuge mbwa. Lakini picha ile haikuniondoka. Jioni niliifungua tena, nikaikuza kwa vidole, nikazitazama zile alama moja moja, na ule weupe ukanirudisha Handeni, kwenye majivu ya mama mkwe wangu, wakati ule wa njaa tulipokuwa tunakula ugali wa mahindi ya njano ya msaada tuliyoyaita yanga.

Nilikuwa mke mpya. Mume wangu, Mzigua wa Handeni, alikuwa mkata mkonge katika shamba moja upande wa Korogwe. Tulionana gulioni Korogwe, mimi nikiwa nimeteremka kutoka Bungu na tenga la maharage, yeye akijifanya anataka maharage. Baada ya ndoa alinipeleka kwa mama yake, akarudi kwenye mkonge, na mimi nikawa namwona mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo mtu niliyeolewa naye hasa, wa kuamka naye na kulala naye nyumba moja, alikuwa mama mkwe.

Kijiji chenyewe kilikuwa kichanga. Zamani watu wa kule waliishi mbalimbali, kila ukoo na porini kwake, na minazi yake miwili mitatu na makaburi yake nyuma ya nyumba. Halafu ikaja operesheni ya kuwakusanya. Serikali ilitaka watu wakae pamoja wapate shule, zahanati na maji, na sitasema uongo, bomba lilikuja na shule ilianza kujengwa. Lakini lori lilikuwa na nafasi ya vyungu, vitanda, kuku waliofungwa miguu na wazee. Mengine yalibaki mahame, kule walikohamishwa. Nyumba mpya zilipangwa kwa mistari iliyonyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, na jirani akikohoa unasikia kama yuko chumbani kwako. Watu waliokuwa wakisalimiana mara moja kwa wiki sasa walikuwa wanaonana hata wakienda chooni, na hawakuzoeana bado.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mpenda ugoro, mwenye maneno machache. Mengi ya maneno hayo machache aliyatumia kunitania. Alisema watu wa milimani tukifika tambarare tunatembea kama bado tunapanda. Alisema nikitwanga, mchi unaogopa. Mimi nilikuwa na hasira za karibu, kila mtu nyumbani kwetu analijua hilo, lakini kwake hasira zilikuwa zinakwama kooni, kwa sababu akishakutania anakusukumia bakuli la mboga ya mchunga lenye mafuta kuliko lake.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho katika mstari, imepakana na pori, na siafu walikuwa na njia yao pale. Kila magharibi, tukishamaliza kupika, mama mkwe aliyazoa majivu ya mafigani, akayapepeta kwenye ungo uliotoboka, akayamwaga kuzunguka nyumba yote, kisha akayasawazisha kwa kiganja taratibu, kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Siafu hawapendi majivu. Kwetu Bungu siafu wakija tunawaachia nyumba mpaka wapite, nikamwambia hivyo. Akasema ndiyo maana tunaishi juu ya mawe.

Basi asubuhi moja nilitoka na ufagio nikakuta nyayo. Majivu yalikuwa meupe, laini, hayajaguswa na upepo, na juu yake palikuwa na alama za mguu wa mtoto mdogo, wa umri ule wa kuanza kutembea. Kisigino, unyayo, vidole vitano. Katikati yake palikuwa na alama nyingine fupi, za duara, kama za mtoto anayetembea kidogo kisha anajishika chini kwa viganja. Mbele ya vidole palikuwa na vitobo vidogo vidogo, na pembeni mikwaruzo mirefu, kama mtu amepitisha ufagio mkavu. Nyayo zilitoka upande wa pori, zikapita chini ya ukuta wetu wa nyuma, zikarudi zilikotoka.

Nyumba yetu haikuwa na mtoto, na mtoto wa umri ule hatoki peke yake porini. Nikamwita mama mkwe. Alikuja akifunga kanga, akainama, akatazama kwa muda mfupi tu. Akaokota kitu nisichokiona, akajishika kiunoni kama mtu aliyechoka mgongo, akasema, "Usifagie kwanza. Kakoroge uji."

Nilikuwa nimebandika uji na kutoka tena kuzitazama, mwiko mkononi, alipofika jirani kuomba moto. Huyu alikuwa mwanamke wa umri wangu, nyumba yake ya pili kutoka kwetu. Ilikuwa kawaida yake kuja asubuhi na kigae, apewe kaa moja la moto, aende zake. Alikuwa mpole mno, mkimya kiasi cha kuudhi, hata salamu yake ilikuwa inasikika nusu. Nilijua jambo moja tu juu yake: alikuwa amezika mtoto wa kiume kwa surua, siku chache kabla ya malori kuja. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Alimwamkia mama mkwe shikamoo, kisha macho yake yakaanguka kwenye majivu. Kigae kikamtoka mkononi. Alipiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya unyayo mmoja bila kuugusa, akaupima kwa hewa.

"Ni wake," alisema. "Mama, ni wake. Amenifuata."

Mimi nilifungua mdomo. Mama mkwe alinikata kwa jicho, kisha akachuchumaa kando ya yule mwanamke, akamshika bega. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Kaa, mwanangu. Uji unaiva."

Na jirani yetu akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha msibani hasa, akilitaja jina la mtoto, akieleza alivyokuwa anapenda kushika ukuta na kucheka. Nilisimama na mwiko mkononi, na ninavyokumbuka sasa hata uji uliungua.

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi, na si kwa ajili ya moto tu. Nyayo hazikuwepo kila siku, lakini zilikuwepo mara nyingi. Zikiwepo alizitazama, akakaa kwetu jikoni, akanywa uji na kumsimulia mama mkwe habari za mtoto. Zisipokuwepo alikaa vilevile. Niliwasikia wakicheka mara moja, juu ya siku mtoto alipokula ugoro wa babu yake akapiga chafya mpaka akakaa chini. Jirani alianza kunenepa kidogo usoni. Salamu yake ikawa inasikika yote.

Mimi sikuwa na raha. Nilimuuliza mama mkwe faraghani, "Mama, vile ni vitu gani?"

"Nyayo."

"Za nani?"

"Wewe mtu wa milimani. Huko kwenu ni majani na mawe, nyayo utazisomea wapi? Twanga."

Nikatwanga. Lakini nilikuwa naona mengine. Muhogo tuliokuwa tunauanika nyuma ya nyumba ulikuwa unapungua, na nilikuwa najua vizuri nilichomenya. Njaa ile haikuwa ya mchezo. Yanga ilikuja kwa foleni, muhogo ndio ulikuwa unatusitiri, na nilimshuku mbuzi wa watu, nikamshuku mtoto wa watu, nikakaribia kugombana na nusu ya mstari wetu. Mama mkwe alisema niache, wala hakuonekana kushangaa.

Maneno yalianza bombani. Jirani yetu, kwa furaha yake ile ya kusikitisha, alikuwa amemwambia mwanamke mmoja kwamba mwanawe anapita kwa bibi wa nyumba ya mwisho. Alisema tu, kama mtu anavyosema nimeota ndoto nzuri. Lakini neno hilo lilipofika mstari wa pili lilikuwa limeota pembe. Walisema mbona anapita kwa yule bibi na si kwa mama yake mzazi. Wakasema mtoto hakufa, amechukuliwa msukule, anatumikishwa, na bibi ndiye anayemtuma. Vile vitobo mbele ya vidole ni kucha, kwa sababu msukule hakatwi kucha. Ile mikwaruzo ni ufagio, mchawi anajaribu kufuta njia. Na majivu? Nani mwenye akili timamu anazungushia nyumba majivu kila siku, kama si dawa?

Siafu hawakutajwa na mtu, ingawa wengine nao walikuwa wanamwaga majivu milangoni mwao walipovamiwa.

Nilianza kuyaona kabla sijayasikia. Nikifika na ndoo, mazungumzo yanakatika. Mtoto akipita karibu na uwanja wetu, anavutwa mkono. Tulikuwa tunaazima kinu kwa mama mmoja wa mstari wa kwanza, sasa kinu kila siku kina kazi. Kuhusu jirani yetu mwenyewe, hakuna aliyemwambia kitu. Walimhurumia. Mambo kama hayo humzunguka mwenyewe kama maji yanavyozunguka jiwe, yeye ndiye wa mwisho kulowa.

Mchana mmoja alikuja balozi wa nyumba kumi, mzee mwenye moyo mwema na uti wa mgongo mwepesi. Alikalia kigoda, akavua kofia, akaivaa tena. Alisema watu wamemkalia kooni. Wanataka aletwe mganga wa kutoka mbali, mwenye kuwanyoa watu. Mtu akishukiwa hunyolewa kichwa hadharani, hunyweshwa dawa, na vitu vyake hupekuliwa nje watu wakitazama. Balozi alisema yeye amekataa, lakini amekubali waitane kwanza Jumapili mbele ya ghala la kijiji, na mama wa mtoto aulizwe, na akisema ni nyayo za mwanawe, basi yeye hatakuwa na njia ya kuwazuia.

"Mama," alisema, "kama kuna neno, sema sasa."

"Sina neno," alisema mama mkwe. "Kunywa maji, mzee, jua kali."

Balozi alipoondoka hasira zikanipanda. Nilimwambia mama mkwe kwamba huu si wakati wa kunyamaza, kwamba mume wangu atarudi akute mama yake amenyolewa kama kondoo, na mimi nimeketi naangalia. Alikuwa anachambua mchunga, hakuinua hata kichwa. Nikasema basi nitafunga mizigo twende Bungu wote wawili. Akasema magoti yake hayapandi. Nilitoka nje kwa kishindo, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikauvuta ungo uliochomekwa kwenye nyasi za paa nipepete unga, maana mimi nikikasirika lazima mikono ifanye kazi.

Pamoja na ungo, kitu kikanidondokea miguuni. Kisha kingine. Niliingiza mkono kwenye nyasi za paa nikatoa fungu zima, limefungwa kwa kamba ya mkonge.

Miiba ya nungunungu. Mirefu, yenye pingili nyeusi na nyeupe, mingine mipya bado inang'aa. Hii niliijua. Kwetu Bungu tunachania njia za nywele kwa mwiba wa nungunungu, bibi yangu alikuwa nao wake kwenye kikapu cha kusukia. Lakini miguu ya mnyama mwenyewe sikuwahi kuiona imechapwa chini. Nilitazama ardhi pale, nikaelewa yote kwa pamoja: unyayo wa nyuma ulio kama wa binadamu, viganja vya mbele, kucha, na ile mikwaruzo, miiba ya mkiani ikiburuzika. Na muhogo. Chini kabisa ya ukuta, mahali ambapo mimi huwa sifagii, palikuwa na vipande viwili vya muhogo vimewekwa vizuri juu ya jani.

Niliingia jikoni na lile fungu, nikaliweka mbele yake.

Mama mkwe aliitazama miiba kisha akanitazama mimi. Alitoa ugoro wake, akavuta.

"Umechelewa," alisema. "Nilidhani utaiona mwezi uliopita."

"Mama, ulijua tangu siku ya kwanza."

"Mimi nimezaliwa porini hapa. Nungunungu amekula muhogo wa baba yangu mpaka nimeolewa."

"Sasa kwa nini?"

Alifunga ugoro wake. Halafu akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba yeye ndiye aliyemwosha yule mtoto. Alipofariki, kule mahame nyumba zao zilikuwa jirani, akaitwa. Walizika, na kabla matanga hayajaisha vizuri, malori yakaja. Mama wa mtoto alipandishwa lori akiwa ameshika kanga ya kumbebea, mikono mitupu. Kurudi mahame bila ruhusa wakati ule kulionekana ukaidi, na mume wake alikuwa mwoga wa serikali, akamkataza. Kwa hiyo kaburi alikuwa hajaliona tena. Na tangu siku ile, alisema mama mkwe, yule binti alikuwa hajalia. Anaomba moto, anapika, anakwenda shamba la kijiji, anarudi. Kama mtu aliyewekwa kando.

"Siku ile umemwona mwenyewe hapo nje," alisema. "Kwa mara ya kwanza amelia. Nimwambie ni nungunungu?"

"Lakini watakunyoa, mama."

"Nywele zangu zitaota."

Nilimpenda sana dakika ile, na nilimkasirikia kiasi kilekile. Alinitaka ahadi kwamba sitamwambia jirani neno. Niliitoa. Lakini sikuahidi lolote kuhusu ghala la kijiji, naye hakuuliza.

Jumapili nilifunga miiba mitatu kwenye pindo la kanga yangu. Niliamua: wakimfikia mama mkwe, nitasimama niimwage chini mbele yao, na jirani atanisamehe siku atakayonisamehe. Usiku kucha nilikuwa nimejipima, na kila nikipima, upande mmoja ulikuwa kichwa cha mama mkwe na upande wa pili uso wa yule mwanamke ulioanza kunenepa. Sikupata jibu zuri. Nilichagua tu.

Watu walijaa mbele ya ghala, wanaume wamesimama, wanawake tumeketi chini. Mama mkwe aliketi mbele, miguu ameinyoosha, kama amekuja kungoja mgao wa mbegu. Mimi nilikuwa kando yake. Balozi alisafisha koo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha mzee mmoja mwenye sauti akaeleza shauri lote: majivu, nyayo, kucha, ufagio, msukule, mganga, wembe. Nilikuwa namtazama jirani yetu, aliyeitwa akidhani ni mkutano wa kawaida. Nilimwona akisikia. Ndipo alipojua maneno yake ya bombani yalikokwenda.

Balozi alimgeukia. "Binti yangu, pole kwa kusumbuliwa. Tuambie wewe mwenye mtoto. Zile nyayo ni za nani?"

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye pindo. Kiganja cha mama mkwe kikanishika goti, kikanikandamiza chini, na kilikuwa na nguvu nisizotegemea kwa mwili ule.

Jirani alisimama. Mikono yake ikaanza kufungua fundo kwenye pindo la kanga yake mwenyewe, mahali wanawake tunapoweka vitu vya thamani. Fundo lilikuwa la siku nyingi, halikufunguka upesi. Akalifungua kwa meno. Akatoa kitu, akakinyanyua watu wakione.

Kilikuwa mwiba wa nungunungu.

"Ni za huyu," alisema. "Mimi ni Mzigua, nimekulia huku huku. Baba yangu alikuwa anawatega. Nungunungu nisimjue?"

Mtu nyuma alicheka, akanyamazishwa.

"Siku ya kwanza sikuona kitu kingine, nilimwona mwanangu tu," aliendelea. "Siku ya pili nilitangulia kufika, nikaukuta mwiba huu kwenye majivu. Nikaujua. Nikauficha haraka, mama asiuone."

Alimgeukia mama mkwe. "Nilidhani wewe ndiye hujui, mama. Nilisema ukijua ni nungunungu, kesho nitakuja kutafuta nini kwako? Mtu haji kulilia nungunungu. Na sina pengine pa kumlilia. Kaburi lake liko kule."

Kiganja chake kiliniachia goti. Nikafungua pindo langu na mimi, polepole, nikaweka miiba yangu mitatu chini, na jirani akaitazama, kisha akamtazama mama mkwe, na nadhani hapo ndipo alipofahamu kwa nini kila alipotazama tena kwenye majivu hakuona mwiba mwingine. Alifunika mdomo kwa mkono. Mama mkwe aliyapeleka macho yake pembeni kama aliyefumaniwa anaiba.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wanajua. Muda ule wote walikaa jikoni kwetu, mmoja anaficha miiba kwenye paa, mwingine kwenye kanga, kila mmoja akimlinda mwenzake na ukweli ambao mwenzake alikuwa nao. Mjinga katika nyumba ile nilikuwa mimi, mtu wa milimani.

Mkutano uliisha bila kufungwa. Yule mzee mwenye sauti alikumbuka ana kazi. Wanawake wawili walikuja kumwamkia mama mkwe, mmoja akasema kinu chake sasa hakina kazi. Mama mkwe aliitikia salamu zote vizuri, wala hakumsuta mtu. Mimi ningewasuta. Balozi alibaki mwisho, kofia mkononi, akamwambia jirani yetu bila kumtazama usoni, "Nendeni kesho mahame, kaburini. Mtu akiuliza, mwambieni mmekwenda kuchimba muhogo uliobaki."

Kesho yake tuliondoka watatu mapema kabla jua halijachoma. Jirani alibeba jembe, mimi kibuyu cha maji. Mama mkwe alijitwika kikapu kilichofunikwa jani la mgomba, akakataa kupokewa. Njia ilikuwa imeanza kufa, nyasi zimefika kiunoni. Nilimuuliza amebeba nini. Akasema nitembee, hapa hakuna mlima wa kusingizia.

Tulizikuta nguzo za nyumba zilizobaki na minazi miwili. Kaburi lilikuwa dogo, limezama kidogo, magugu yamelifunika. Jirani hakulia. Alilima magugu, akang'oa mengine kwa mkono, akaongea na mtoto wake kwa Kizigua, taratibu, maneno ya nyumbani ambayo wakati ule nilikuwa nayaelewa nusu. Nikamsikia akimwambia amechelewa kwa sababu ya njia.

Alipomaliza, mama mkwe alitua kikapu na kukifunua. Kilikuwa kimejaa majivu, yamepepetwa. Alichuchumaa na magoti yake yasiyopanda, akayamwaga kuzunguka kaburi lote, kisha akayasawazisha kwa kiganja, taratibu, kama alivyofanya kwetu kila magharibi.

"Siafu wa huku ni wabaya," alisema.

Niliyelia siku ile nilikuwa mimi. Nililia mpaka jirani akaacha jembe akaja kunishika.